Agnes Wansahira wa Karema, na ile kauli ya "damu yenu haijulikani"

SEHEMU YA 1

Wiki hii naweka pembeni mambo ya uji na chanjo. Nataka niwasimulie habari za mwanamke mmoja wa huku kwetu Katavi, aliyeishi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nimeigawa vipande sita ili msichoke. Kama unanyonyesha saa nane za usiku, kipande kimoja kinatosha mpaka mtoto aachie ziwa.

Kwanza niseme kwa nini nimeingia huko, maana mimi ni nesi, si mwalimu wa historia.

Mwaka jana mtoto wa ndugu yangu alikutwa na selimundu. Ana mwaka na nusu, vidole vya mikono vimevimba, ukimgusa tu analia. Majibu yalipotoka, upande wa baba wakaita kikao. Na mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka, nimesikia kwa masikio yangu: "Ugonjwa huu mmekuja nao nyie watu wa misheni. Damu yenu haijulikani ilikotoka."

Kwa asiye wa huku, "watu wa misheni" hapo halikuwa neno la heshima. Maana yake bibi wa bibi yetu hakuwa mzaliwa wa Karema, aliletwa. Alikuwa mmoja wa watoto waliokombolewa utumwani wakalelewa na mapadre. Kwetu jambo hilo halisemwi mezani. Mimi mwenyewe nimelijua nikiwa na watoto wawili.

Nikajibu kama nesi. Nikasema, jamani, selimundu mtoto haipati kwa mzazi mmoja. Ili augue lazima apokee kinasaba kimoja kwa mama na kingine kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, hata kama wenyewe hawaumwi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kwa hiyo kama sisi tulikuja nacho, na nyie mlikuwa nacho ndani mnatusubiri.

Wakanyamaza. Lakini ile kauli ya damu isiyojulikana ikabaki kifuani kwangu kama mwiba. Nikaamua kutafuta. Na katika kutafuta bibi yangu nikakutana na Agnes Wansahira.

SEHEMU YA 2

Tuendelee. Ili umwelewe Agnes, lazima uione Karema ya enzi hizo.

Leo Karema iko Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, na ukitoka Mpanda mjini unakata zaidi ya kilomita 100 mpaka uone maji. Lakini huo mkoa wenyewe tumeupata mwaka 2012 tu, kabla ya hapo tulikuwa Rukwa. Enzi za Agnes hapakuwa na Mpanda ya mjini wala reli. Palikuwa na watemi na machifu, Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, na njia za misafara.

Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili walijenga kituo Karema, wakiongozwa na Kapteni Cambier. Walikijenga karibu na maji. Kumbe ziwa lilikuwa limeshafungua njia yake kupitia mto Lukuga upande wa Kongo mwaka uliotangulia, na kina kikawa kinashuka. Baada ya miaka michache boma likabaki juu, maji yako mbali. Wazee wa kule hata leo wanakuonyesha ziwa lilikuwa linafika wapi.

Mwaka 1885 Wabelgiji wakawakabidhi kituo hicho Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Miaka hiyo biashara ya watumwa na pembe za ndovu ilikuwa inavuka ziwa. Watu walikamatwa ng'ambo, upande wa Kongo, wakavushwa kwa mitumbwi na majahazi, kisha wakatembezwa kwenda Tabora mpaka pwani. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Mapadre walikuwa wanawanunua baadhi ya watoto na kuwaacha huru, wanawalea, wanawafundisha, wakikua wanaozwa na kupewa shamba karibu na misheni. Hivyo ndivyo vijiji vya mwanzo vya Kikristo pale vilivyozaliwa. Vilianzishwa na vijana na wasichana waliokutanishwa na msiba, kila mmoja na lugha yake.

Fikiria mama yangu. Msichana wa miaka kumi na sita au kumi na saba anajifungua mtoto wa kwanza, na hakuna mama wa kumkanda, hakuna shangazi wa kumwambia mtoto akilia hivi ana njaa na akilia vile tumbo linamsokota. Kila nikimpokea msichana aliyekuja kujifungua peke yake, hana hata ndugu wa kumshikia khanga, nawakumbuka hao.

Utumwa ulikomeshwa kabisa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kama una bibi aliye hai mwenye miaka 90, mama yake alizaliwa wakati sheria bado inaruhusu mtu kummiliki mtu. Si mbali kama tunavyodhani.

SEHEMU YA 3

Mama zangu, wengi mmeniuliza huyo Agnes yuko wapi. Anakuja. Kwanza mumewe, maana yeye ndiye anayejulikana.

Mumewe ni Adrian Atiman. Kwa sisi watu wa afya wa Katavi huyu ni babu yetu wa kazi. Alizaliwa Afrika Magharibi, upande wa Timbuktu karibu na mto Niger, nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa mtoto mdogo aliibiwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadre Weupe wakamnunua na kumpa uhuru. Mwaka 1881 akapelekwa kisiwa cha Malta kusomea udaktari. Alipomaliza mwaka 1888 hakurudi kwao. Alitumwa huku kwetu, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa daktari na katekista.

Hebu tulia hapo. Mwaka 1889. Wakati huo duniani kote hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba malaria inaletwa na mbu, jambo hilo lilithibitishwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Penisilini iligunduliwa 1928. Hapakuwa na wodi ya wazazi wala damu ya kuongeza. Palikuwa na kwinini, palikuwa na kisu, maji ya moto, na akili ya mtu. Palikuwa na ndui. Na miaka hiyo hiyo ya 1890 funza nao wakaenea, wadudu ambao watu wa huku walikuwa hawajawahi kuwaona, wakawa wanakula vidole vya miguu mpaka mtu hatembei.

Katika hali hiyo huyu bwana alitibu. Hakuondoka baada ya mkataba wa miaka mitatu. Alibaki Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 tangu alipofika. Vita viwili vya dunia vimempita akiwa pale. Mjerumani kaja kaondoka, Mwingereza kaja, yeye yupo. Uhuru wa Tanganyika ulimkosa kwa miaka mitano tu. Mapadre Weupe wana nyumba Dar es Salaam inaitwa Atiman House, ni jina lake hilo.

Kwa kuwa alifariki 1956, wapo wazee wa leo waliowahi kutibiwa naye wakiwa watoto. Nilikaa na mama mmoja mzee Karema, akaniambia kwa tabasamu, "Huyo daktari nimemwona kwa macho yangu haya, mzee sana, mkono wake mwepesi." Nikamuuliza, na mke wake je, mama? Akafikiri kidogo. "Mke? Ah, huyo mimi sikumkuta."

SEHEMU YA 4

Haya, leo ni Agnes mwenyewe.

Agnes Wansahira alikuwa Mbende, binti wa chifu. Aliolewa na Adrian Atiman hapo Karema, na mtoto wao Joseph akawa padre, akapewa daraja la upadre mwaka 1923.

Mistari miwili. Mumewe alisimulia maisha yake kwa mdomo wake, yakachapishwa mwaka 1946 kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records. Yeye mwenyewe hakuachiwa karatasi. Lakini mama zangu, hata mistari miwili ukiisoma kinesi ina mambo mengi.

Sisi kazini tumezoea kukadiria. Mama anakuja hudhurio la kwanza, hakumbuki hedhi ya mwisho. Humfukuzi. Unamuuliza, ilikuwa kabla ya Pasaka au baada? Mahindi yalikuwa yameshavunwa? Shule zilikuwa zimefungwa? Unapata tarehe. Basi nikamfanyia Agnes hivyo hivyo.

Joseph alipewa upadre 1923. Sheria ya Kanisa wakati ule ilitaka mtu awe ametimiza miaka 24 ndipo awe padre. Kwa hiyo Joseph hakuzaliwa baada ya 1899. Na baba yake alifika 1889, kwa hiyo hakuzaliwa kabla ya hapo. Basi Agnes alibeba mimba na kujifungua ndani ya miaka hiyo kumi, miaka ile ile ya ndui na funza na misafara ya watumwa ambayo ilikuwa haijakoma. Alijifungua mtoto, akamlea akapona. Kwa Karema ya miaka ya 1890, kumfikisha mtoto utu uzima lilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyoweza kufikiria sisi wenye chanjo na dripu.

Jambo la pili. Padre haoi. Kwa hiyo kwa Joseph hapakuwa na wajukuu wa kukaa miguuni pa Agnes na kuuliza, "Bibi, ulikuwaje ulipokuwa msichana?" Habari za mwanamke hubebwa na watoto wa watoto wake, jikoni, wakati wa kumenya maharage. Akikosa hao, habari zake zinazikwa naye.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike mfululizo huu. Nyie mnajua niliambiwa nini kwenye kile kikao. Sasa angalieni hii ndoa. Bwana harusi ni mtu aliyeibiwa utotoni, akauzwa, akanunuliwa, hana ukoo hata mmoja ndani ya maelfu ya kilomita. Hana baba wa kumtolea mahari wala mjomba wa kumsindikiza. Kama kuna mtu aliyestahili kuitwa "damu haijulikani", ni yeye. Na bibi harusi ni binti wa chifu wa nchi hii, ambaye ukoo wake kila mtu anaujua.

Na ndoa ikafungwa. Huyo mtu wa damu isiyojulikana ndiye aliyewatibu babu zetu miaka 67.

Niliposoma hapo nilifunga simu nikalia kidogo, siwafichi.

SEHEMU YA 5

Leo nina masahihisho, na baada ya hapo nawafundisha kutafuta.

Masahihisho ni haya. Miezi michache iliyopita niliandika kwenye ukurasa huu kwamba mke wa daktari wa Karema aliwahi kuolewa na kapteni Mfaransa ng'ambo ya ziwa. Nilikosea, naomba radhi. Nilichanganya wanawake wawili. Yupo Agnes mwingine, Agnes Atakaye, aliyeolewa mwaka 1888 na Kapteni Leopold Joubert, yule Mfaransa aliyekuwa analinda misheni za Mapadre Weupe dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Hao waliishi upande wa Kongo na wakazaa watoto wengi. Ziwa moja, miaka ile ile, mapadre wale wale, na jina la ubatizo lile lile.

Funzo langu: majina ya ubatizo yalikuwa machache na yalirudiwa rudiwa. Ukimtafuta bibi yako kwa jina la Maria au Agnes au Anna peke yake utapotea kama nilivyopotea. Shika jina la nyumbani. Wansahira ni mmoja. Atakaye ni mwingine.

Sasa namna ya kutafuta, hasa kwa familia za Kikatoliki za ukanda huu.

Anza na walio hai. Nenda kwa bibi au shangazi mkubwa, usiende na kalamu mkononi siku ya kwanza. Msaidie kuchambua mboga. Uliza mambo madogo: alipikaje, alimwita nani mama, alikuwa anaongea lugha gani akikasirika. Hilo la mwisho msilidharau. Mtu akikasirika au akiwa kwenye uchungu hurudi kwenye lugha ya mama yake. Leba nasikia lugha ambazo mtu mchana anakataa kuwa anazijua.

Kisha nenda parokiani. Kitabu cha ubatizo kina jina, tarehe, wazazi na msimamizi. Tena tazama pembeni mwa ukurasa, maana huko ndiko wanakoandika baadaye kipaimara na ndoa ya mtu huyo. Mstari mmoja unaweza kukupeleka parokia nyingine. Jueni pia kwamba majina ya majimbo yamebadilika: Jimbo la Karema lilikuja kuitwa Sumbawanga mwaka 1969, na Jimbo la Mpanda likaanzishwa mwaka 2000. Kwa hiyo ukiambiwa "hapa hakuna", usikate tamaa, uliza vilihamia wapi. Mapadre Weupe nao wana hifadhi ya nyaraka zao Roma, na mapadre wa vituo waliandika shajara.

Na kama bibi yako alipita kwa masista, kumbuka Shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika lilianzia huko huko Karema mwaka 1907. Wanawake wa nyumbani kabisa. Masista wazee wanakumbuka mengi kuliko kitabu.

Mwisho, omba kwa adabu. Hakuna anayelazimika kukufungulia kabati. Mimi nilirudi mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimebeba kilo mbili za sukari na uvumilivu.

SEHEMU YA 6

Hii ni ya mwisho, kesho nina zamu ya usiku.

Mnataka kujua nilipata nini kuhusu bibi wa bibi yangu. Nilipata jina lake la ubatizo, mwaka wa ndoa yake, na jina la msimamizi wake. Kwenye nafasi ya wazazi hapakuwa na kitu. Nafasi imeachwa nyeupe. Nilikaa nikaitazama ile nafasi muda mrefu kuliko nilivyotazama maandishi yote.

Nilirudi kwa shangazi yangu. Huyu mwanzo aliniambia, "Unataka kutuletea aibu," akakata kupokea simu zangu kama miezi miwili. Nikamweleza habari ya Agnes Wansahira na mumewe. Nikamwambia, shangazi, binti wa chifu aliolewa na mtu kama bibi yetu, hakuona aibu, sisi tunaona aibu ya nini? Aliyeona aibu awe yule aliyeuza mtoto wa mwenzake.

Akakaa kimya. Halafu akaanza kuimba kitu, taratibu, maneno siyaelewi, si Kibende, si Kifipa, si Kiswahili. Akasema bibi yake alikuwa anawabembelezea watoto hivyo na yeye aliujifunza mgongoni. Anaujua wote, haelewi hata neno moja. Nimeurekodi kwenye simu. Lugha ile ni ya ng'ambo, hilo nina hakika, kwa sababu shangazi alimalizia kwa kusema bibi yake alikuwa kila jioni anakaa nje akitazama upande jua linapozama. Sisi wa Karema jua letu linazama Kongo.

Basi damu yetu inajulikana. Ilitoka ng'ambo ya ziwa, ikiwa na wimbo.

Mtoto wetu anaendelea na kliniki ya selimundu, anapata dawa zake, na nimewasisitiza wazazi wake wasiruke hata mwezi mmoja. Baba yake na mama yake wote wawili walipimwa, wote wawili wanabeba kinasaba. Nilipowapelekea wale wa upande wa baba majibu, mzee wao alisema neno moja tu, "Tumesikia." Kwa mzee yule, hiyo ni radhi. Tumeipokea.

Sasa nina ombi kwenu. Ukija kliniki nikakuuliza, kwenu kuna presha, kuna kisukari, kuna selimundu, kuna mapacha, kuna mtu aliyetokwa damu nyingi akijifungua, usinijibu "upande wa mama sijui". Nenda kaulize kabla mimba haijawa kubwa. Ni maswali ya kuokoa maisha yako, si umbea. Na ukiwa unauliza hayo, uliza pia bibi aliitwa nani kabla hajabatizwa au kabla hajaolewa. Andika kwenye daftari, weka pamoja na kadi ya mtoto, kwenye ule mfuko wa nailoni ambao hata nyumba ikivuja huloweki.

Agnes Wansahira amebakiwa na mistari miwili kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Wewe una bibi. Kama yupo, mpigie leo. Kama hayupo, una shangazi.

Wiki ijayo turudi kwenye kumwachisha mtoto ziwa, nimeona maswali yenu, nitayajibu yote. Mlale salama, na wenye watoto wanaoota meno, poleni.